Barua kwa Mwalimu: Mwacheni mtoto aandike mwenyewe

Msimu wa kuomba vyuo vya Marekani umeingia, na barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kuhusu ile insha. Nilifundisha Kiingereza sekondari mpaka nikastaafu. Siku hizi Jumamosi asubuhi vijana wa kidato cha sita, na wengine waliokwisha kumaliza, huja kwangu hapa Tanga tukakaa barazani na madaftari yao. Najibu kwa yale ninayoyaona hapo. Barua ndefu nimezifupisha na majina nimeyaacha.

Mwalimu, shikamoo. Mwanangu amemaliza kidato cha sita, amepata Daraja la Kwanza, na sasa amerudi kutoka JKT. Tulijua ataomba vyuo vya hapa nchini. Amesikia habari za ufadhili wa Marekani na anasema lazima aandike insha juu ya maisha yake. Mimi niliomba chuo kwa cheti changu tu, hakuna aliyeniuliza maisha yangu. Hii insha ni ya nini, na anaisoma nani?
Mama mzazi, Morogoro

Marahaba mama, na hongera kwa matokeo ya kijana.

Hapa kwetu chuo kinatazama tahasusi na pointi kwa vigezo vya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, basi. Kenya nako ni hivyo hivyo, chombo cha serikali kiitwacho KUCCPS kinawapangia vijana vyuo kwa alama za KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari. Vyuo vingi vya Marekani, hasa vile vyenye fedha za kuwasaidia wanafunzi wa nje, vinataka pia kujua huyu mtoto ni mtu wa namna gani. Wanaoomba ni wengi, karibu wote wana alama nzuri, na nafasi ni chache. Kwa hiyo afisa wa udahili anakaa na faili la kila mmoja: matokeo, barua za walimu, orodha ya mambo anayoyafanya nje ya darasa, na insha. Katika karatasi zote hizo, kwenye insha ndipo mtoto anapopata nafasi ya kuzungumza kwa kirefu kwa kinywa chake.

Maombi mengi hupitia fomu moja ya mtandaoni iitwayo Common App. Ilianzishwa mwaka 1975 na vyuo 15, na leo inatumiwa na vyuo zaidi ya 1,000. Hufunguliwa tarehe 1 Agosti kila mwaka. Insha kuu haipungui maneno 250 wala haizidi 650, na ukizidisha fomu haiipokei. Anapewa maswali saba achague moja, na la saba linamwachia aandike juu ya jambo lolote alipendalo. Insha hiyo hiyo ndiyo inayokwenda kwa kila chuo anachokiomba kupitia fomu hiyo, kwa hiyo asitaje jina la chuo ndani yake. Nimewahi kuona insha nzuri iliyokisifu chuo cha Yale ikiwa njiani kwenda chuo kingine, bahati tuliiwahi. Baada ya insha kuu, vyuo vingi vina maswali yao mafupi ya nyongeza.

Wanaowahi hutuma mwanzoni au katikati ya Novemba. Tarehe ya kawaida kwa vyuo vingi ni siku za mwanzo za Januari, majibu hutoka kuelekea mwisho wa Machi, na masomo huanza Agosti au Septemba. Maana yake kijana wako atakaa karibu mwaka mzima akisubiri. Vijana wetu wengi wa kidato cha sita hupita njia hiyo, na mwaka huo unaweza kumfaa sana. Aombe na vyuo vya hapa pia. Kitu kimoja tu muwe nacho macho: kuna namna ya kuwahi inayomfunga, Early Decision, ambayo akikubaliwa ameahidi kwenda huko na kufuta maombi mengine. Na wewe mzazi unatia sahihi. Msiiguse kabla hamjakaa kama familia mkazungumza habari ya pesa.

Ushauri wa bure upo. EducationUSA ni huduma ya serikali ya Marekani, na ina washauri Dar es Salaam na Nairobi. Mtu akikuambia umlipe ili "amwingize" mtoto chuoni, funga mfuko wako uondoke.

Mwalimu mwenzangu, habari za kazi. Nafundisha sekondari moja ya Moshi Vijijini. Nina wanafunzi watatu wanaoomba vyuo vya Marekani, na mkuu wa shule amenikabidhi mimi. Insha zao zinafanana kama zimeandikwa na mtu mmoja. Zinaanza na methali, zinakuja "nilizaliwa katika familia ya hali ya chini", zinamalizia na "nataka kuwa kiongozi bora wa kesho". Kiingereza chao hakina makosa. Je, niwaandikie mfano wauige?
Mwalimu wa lugha, Kilimanjaro

Tafadhali usiwaandikie mfano. Ukiwapa mfano utarudishiwa nakala tatu za huo mfano.

Watoto hawa wanaandika hivyo kwa sababu sisi ndio tuliowafundisha. Utangulizi, kiini, hitimisho. Anza na methali, pamba lugha, malizia na nasaha. Msahihishaji wa mtihani ana mwongozo mkononi, na anayeandika kama mwongozo ndiye anayepata maksi. Mtoto amelelewa kwenye utaratibu huo miaka na miaka, leo anaambiwa aandike kama yeye. Aanzie wapi? Ongeza na malezi ya nyumbani. Mtoto wetu amekatazwa kujisemea mbele ya wakubwa. Ukimuuliza "wewe ulifanya nini?" anakujibu "tulisaidiana". Ni adabu njema na sitaki aiache. Lakini afisa wa udahili hawezi kumdahili "sisi".

Mimi huanza kwa kuwafungisha madaftari. Tunazungumza kwanza, na tunazungumza Kiswahili. Siulizi ndoto zako ni nini, maana swali hilo huleta majibu ya mahafali. Nauliza vitu vidogo. Jana ulipotoka shule ulifanya nini mpaka ukalala? Nyumbani kikiharibika kitu gani wanakuita wewe? Jambo gani ulibishana na mtu ukaenda kulala nalo? Nani anakutegemea, na kwa kazi gani?

Kuna kijana alinijia na insha ya uongozi. Alikuwa kiranja mkuu, na sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba uongozi ni uwezo wa kuwaongoza wengine kufikia malengo. Nilimuuliza lile swali la mwisho, nani anakutegemea. Akafikiri, akasema, "Labda mama na wenzake, kwenye kikoba." Unawafanyia nini? "Nawaandikia daftari." Tangu lini? "Tangu nikiwa kidato cha pili." Kwenye insha yake yote hapakuwa na neno hata moja la kikoba.

Nikamwambia anieleze siku ya kikoba inavyokwenda, kuanzia anapofika. Akaeleza. Kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo wanashika kina mama watatu tofauti, hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Wanakaa kwenye mkeka kwa namba zao. Kwanza mfuko wa jamii, kisha faini za waliochelewa, kisha hisa, kisha marejesho ya mikopo. Yeye anakaa karibu na sanduku na daftari magotini.

Siku moja hesabu ikagoma. Daftari lilisema kiasi kimoja, sandukuni mlikuwa na pungufu ya shilingi elfu mbili. Kina mama wakaanza kutazamana, na mmoja akasema wazi kwamba anayeandika ndiye ajibu. Nikamuuliza, mikono yako ilikuwa wapi wakati huo? Akacheka kidogo, akasema aliikalia, kwa sababu ilikuwa inatetemeka na hakutaka mama yake aione. Halafu? Halafu aliomba asome daftari lote kwa sauti, mstari kwa mstari, kila mama aseme ndiyo au hapana. Karibu na mwisho bibi mmoja akasema, "Hapana mwanangu, mimi leo nimenunua hisa mbili, siyo tatu." Hisa moja ilikuwa elfu mbili.

Hapo wengi wangefunga hadithi. Mimi niliuliza tena: kwa nini usome kwa sauti, usihesabu upya tu? Akanijibu papo hapo: "Wengine hawajui kusoma, Mwalimu. Wangeaminije karatasi niliyoishika mimi?" Tangu siku ile kikoba hicho husomewa daftari kila wiki kabla kufuli hazijafungwa. Kijana wa miaka kumi na sita aliyatengeneza hayo mwenyewe, na alikuwa anayaona ya kawaida mno kuandikwa. Ndiye huyo huyo anayetaka kusomea takwimu, na kwenye insha ya mwanzo sababu aliyoitoa ilikuwa kwamba takwimu ni muhimu kwa maendeleo ya taifa.

Alipokwenda kuandika upya, alirudi na mwanzo huu, ambao ameniruhusu niuweke hapa kwa Kiswahili: "Sanduku la kikoba cha mama yangu lina kufuli tatu, na mimi sina ufunguo hata mmoja." Sikumpa mimi sentensi hiyo. Neno uongozi halikutokea tena mpaka mwisho.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kaa na hao watatu mmoja mmoja, wenzake wasiwepo. Wakisimulia, warekodi kwa simu kama wanakubali, kisha wasikilize wenyewe na waandike walichokisema, hata kwa Kiswahili. Kiingereza kitafuata. Rasimu mbili za kwanza usisahihishe sarufi. Kalamu nyekundu inamfundisha mtoto kwamba kazi ni kuepuka makosa, naye atarudi kwenye sentensi salama. Mimi huweka alama mbili tu: mstari chini ya pale ninapoona kwa macho anachosimulia, na alama ya kuuliza pale ninaposoma nisione kitu. Kwenye ile insha ya kwanza ya kiranja zilijaa alama za kuuliza ukurasa mzima, na mwenyewe akaelewa bila mimi kusema.

Methali ibaki kama kuna mtu aliyeitamka ndani ya tukio. Na "hali ya chini" iondoke, aandike kilichokuwepo: taa, umbali, kazi aliyoifanya kabla ya kwenda shule. Habari ya umaskini ina barua yake hapa chini.

Assalaam alaykum Mwalimu. Binti yangu ameandika insha kuhusu mwaka niliopoteza kazi. Ameeleza tulivyohama nyumba tukarudi kwa bibi yake, na mimi nilivyokaa ndani bila kuzungumza na watu. Niliikuta mezani nikaisoma. Anasema hayo ndiyo maisha yake. Mimi naona ni kujianika mbele ya wageni. Mama yake anasema bila hayo hatapata ufadhili. Nisaidie.
Mzazi, Unguja

Waalaykum salaam ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa kabla ya kushika kalamu. Kuyakuta maisha yako yameandikwa na mwanao, kwa lugha ya wageni, ni jambo zito.

Niondoe kwanza hili la ufadhili, kwa sababu linawaumiza wazazi wengi. Pesa haziombwi kwenye insha. Kuna fomu za fedha, mojawapo ni CSS Profile, ambako familia inaandika kipato, mali na wategemezi kwa tarakimu. Vyuo vichache sana, Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vikiwamo, havitazami uwezo wa kulipa wakati wa kuamua nani aingie, hata kwa mwanafunzi wa nje ya Marekani. Vingine vingi vinatazama, lakini vinatazama kwenye hizo fomu. Kwa vyovyote hali yenu itajulikana, na itajulikana mahali pake. Insha haina kazi ya kulia njaa.

Nasema hivyo kwa uchungu. Vijana wetu wameambiana kwamba Wazungu wanapenda kuhurumia, kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na minane anakaa chini kutafuta msiba wa nyumbani kwao ulio mkubwa kuliko wa mwenzake. Wapo wanaoongeza chumvi. Wapo waliomuua shangazi aliye hai. Afisa wa udahili anasoma mamia ya insha kwa msimu, shida peke yake haimwambii mtoto huyu atafanya nini akifika chuoni kwake. Na mtoto akijifunza kujiuza kwa majeraha, nani atamfundisha kuacha?

Sasa nije kwako na kwa binti. Wewe una haki ya kusitiriwa. Yeye naye ana haki, kwa sababu mwaka ule haukukupata wewe peke yako. Isome insha tena, jambo moja tu ulitazame: nani anatenda? Kama kwenye karatasi nzima anayeonekana ni baba aliyejifungia, basi binti ameandika insha ya baba, na chuo hakimdahili baba. Muulize kwa upole yeye alikuwa anafanya nini katika nyumba ya bibi. Alilala na nani? Kazi gani za bibi zilimwangukia? Alisomea wapi usiku? Kuna kitu pale. Hajakiona kwa sababu macho yake yote yalikuwa kwako, na hilo nalo ni mapenzi.

Akikipata, sababu ya kuhama inaweza kuwa sentensi moja: mwaka ambao kazi ya baba ilikwisha, tulihamia kwa bibi. Hapo hakuna aliyevunjiwa heshima, na hakuna kilichofichwa. Kama alama zake zilishuka mwaka huo na anataka chuo kielewe, Common App ina sehemu ya hiari ya kuelezea mazingira yaliyomwathiri mwanafunzi. Sentensi tatu kavu zinatosha: lini, nini kilitokea, na sasa hali ikoje.

Kanuni ninayowapa wangu ni kwamba jambo la mtu mwingine ambalo huwezi kulisoma kwa sauti mbele yake, lisiende. Kanuni hiyo haimhusu mtoto aliyedhulumiwa na mtu huyo huyo. Huyo hahitaji ruhusa ya aliyemdhulumu, ila anahitaji mtu mzima wa kumshika mkono katika mambo makubwa kuliko insha. Wewe siye huyo, barua yako inaonyesha. Mwite binti baada ya Isha, mwambie umeisoma, mwambie ilikuuma wapi, kisha mwache aamue. Usiichane.

Mwalimu, niko Columbus, Ohio. Mtoto wa kaka yangu yuko Mwanza, ananitumia insha zake kwa WhatsApp nami nazirekebisha. Juzi mwanangu aliyezaliwa huku akaisoma moja akaniambia, "Mama, hii inasikika kama wewe." Akasema pia vijana wengi siku hizi wanaandikiwa na programu za akili unde. Msaada unaishia wapi?
Shangazi mtu

Mwanao amekusaidia, dada yangu. Watoto wana masikio ya mambo hayo.

Unaweza kumuuliza maswali. Unaweza kumwonyesha mahali ulipochoka kusoma, na neno alilolikosea herufi, na kitenzi kilichokaa vibaya. Usimpe sentensi yako, wala wazo lako, wala mwisho wako mzuri. Ukitaka kujua kama umevuka, mpigie simu, mwambie akueleze aya ya pili bila kuitazama. Akieleza kwa maneno yanayokaribiana na yaliyoandikwa, insha ni yake. Akianza "sijui ulisemaje pale", futa, mrudie rasimu yake ya zamani.

Kuhusu akili unde, sheria ipo. Tangu mwaka 2023 kanuni za Common App zinahesabu kuwa ni udanganyifu kuwasilisha kilichoandikwa na programu hizo kana kwamba ni chako. Mwombaji anathibitisha mwenyewe kwamba kazi ni yake. Juu ya hapo kila chuo kina maelekezo yake kuhusu kipi kinaruhusiwa, kama vile kukagua tahajia, naye inampasa ayasome ya kila chuo anachoomba. Kisha kuna la kawaida kabisa: maandishi yake hayako mahali pamoja tu. Wakimpima Kiingereza kwa mtihani wa Duolingo, kwa mfano, chuo hupata pamoja na alama sampuli ya alichoandika papo hapo na video yake akizungumza. Insha inayosomeka kama ya profesa na sampuli ya kijana wa Mwanza zikikaa kwenye faili moja, zitasemezana.

Nami sipendi maandishi ya hizo programu hata pasingekuwa na sheria. Nimeletewa kadhaa. Zina utamu wa maneno, na kila mtoto ndani yake "aligundua nguvu ya ustahimilivu". Nikiuliza ilikuwa siku gani, mwenye insha hajui.

Kuna msaada ambao mimi wa Tanga siuwezi, wewe unauweza. Unaijua nchi hiyo. Soma kama Mmarekani ambaye hajawahi kusikia JKT, shule ya kata, tahasusi, kiranja, wala dagaa wanaoanikwa mwaloni, halafu mwambie wapi utapotea. Aliache neno letu mahali pake na kuliongezea maneno matano au sita ya kulieleza ndani ya sentensi. Kijana wa kikoba alifanya hivyo, neno likabaki. Msaidie pia na ada. Vyuo vingi hutoza ada ya maombi, na vingi huisamehe kwa asiyeweza. Wakati mwingine ni kubofya sehemu moja tu kwenye fomu, wakati mwingine ni kuwaandikia barua pepe kuomba. Na umnunulie bando. Wengi wa kwangu huandika insha kwenye simu usiku, na mtandao ukikata kazi imepotea. Waambie waandike kwanza kwenye daftari.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Kilifi. Chuo kimoja kinauliza kwa nini nataka kusoma kwao, kwa maneno 150. Niliandika kwamba ni chuo mashuhuri duniani chenye walimu bora na mazingira mazuri. Mwalimu wangu amesema haitoshi, lakini mimi sijawahi kufika Marekani. Pia nina KCSE, sijui muda nitautoa wapi.
Mwanafunzi

Marahaba mwanangu. Mwalimu wako yuko sawa. Sentensi hiyo ukiipeleka chuo kingine chochote itafaa vile vile, kwa hiyo hujajibu swali.

Huhitaji kufika. Fungua tovuti ya chuo, ruka picha za majani na wanafunzi wanaocheka, nenda kwenye orodha ya kozi za fani unayoitaka. Soma majina na maelezo ya kozi mpaka upate mbili zinazokugusa. Kisha uzifunge na kitu ulichokwisha kukianza huko uliko. Uko Kilifi. Kituo cha utafiti cha KEMRI kiko mji wenu. Kama umewaona watafiti wakipita kijijini kuchukua damu za watoto, na ukawahi kujiuliza ile damu inakwenda kusema nini, una sababu ambayo mtoto wa Boston hana. Kama si hivyo, basi ni mikoko ya Mida, au ni mashine ya kukunia nazi ya babu yako. Chako wewe unakijua. Maneno 150 ni machache, usipoteze hata kumi kuwasifu.

Umashuhuri nao usikupoteze. Wangari Maathai alipokwenda Marekani mwaka 1960, katika zile safari za wanafunzi zilizofungamana na jina la mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, alikwenda Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha watawa mjini Atchison, Kansas. Alimaliza shahada yake hapo mwaka 1964, akisomea baiolojia. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Vyuo vidogo vyenye fedha za wanafunzi wa nje viko vingi. Vitafute kwa walichonacho, wala si kwa jina la kuwatambia wenzako.

Kuhusu muda: KCSE kwanza. Usiandike insha Novemba. Kama uliwahi kuianza likizo ya Agosti, imalize Desemba baada ya karatasi ya mwisho, utume kwa zile tarehe za Januari. Kama hujaanza, pumzika, ufanye mtihani, uombe msimu unaofuata ukiwa na matokeo mkononi. Wengi wa Kenya hufanya hivyo, wala hakuna anayewahesabia mwaka huo kuwa kasoro.

Mwalimu, insha niliyoiandikia Marekani naweza kuituma na Uingereza?
Msomaji, Dodoma

Hapana. Uingereza wanaomba kupitia UCAS, mfumo mmoja wa maombi ya vyuo vya huko, na wanachotaka kujua ni wewe na hilo somo. Kuanzia kwa wanaoingia chuoni mwaka 2026 wameweka maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini kujiandaa. Majibu yote matatu kwa pamoja hayazidi herufi 4,000, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, na kila jibu lisipungue herufi 350. Yule kijana wa kikoba, kama angeomba takwimu huko, sanduku na kufuli zake vingechukua sentensi mbili au tatu kwenye swali la tatu. Kwingine kote angezungumzia hesabu.

Maandishi hayo hayo yanakwenda kwa vyuo vyote unavyochagua, visizidi vitano. Kama unaomba Oxford, Cambridge, au udaktari wa binadamu popote Uingereza, mwisho ni tarehe 15 Oktoba, kwa hiyo usisubiri toleo lijalo la gazeti hili ili uanze.